Irente, Magamba au Amani: mzunguko upi wa Usambara unaokufaa?

Ukitaka matembezi ya siku moja yanayoanza na kuishia palepale, yenye vijiji, mashamba na msitu, bila hema wala wapagazi, Milima ya Usambara mkoani Tanga ina mengi ya kukupa. Huku watu hawakujipanga bondeni wakauachia msitu mlima. Nyumba, migomba, matuta ya kabichi na miti ya asili vimepandiana hadi juu, na vijia vya kwendea shuleni, mtoni na gulioni vimeviunganisha vyote. Mtembezi naye hupita humohumo.

Kazi ni kuchagua. Mizunguko mitatu ndiyo inayotajwa sana: Irente na Magamba, yote miwili ikianzia Lushoto upande wa Usambara Magharibi, na Amani iliyo Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Wengi huchagua kwa kutazama picha, na picha ya Irente hushinda daima. Kigezo cha maana zaidi ni hiki: mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, na wewe una saa ngapi za mwanga. Magoti yako yanafuata.

| | Irente | Magamba | Amani (kilima cha Mbomole) |
|---|---|---|---|
| Pa kuanzia | Lushoto mjini, takriban mita 1,400 | Lushoto mjini | Amani, takriban mita 900 |
| Urefu au muda | km 12 hivi, saa 5 hadi 6 pamoja na chakula | km 13 hadi 15, saa 6 na ushee | saa 3 hivi |
| Kupanda | kwa awamu, kidogo kidogo | mita 300 hadi 400, nyingi asubuhi | kilima kimoja, takriban mita 150 |
| Msitu wa asili | karibu hakuna | mwingi | mwingi, pamoja na miti ya kigeni |
| Baada ya mvua | hukauka ndani ya saa chache | huteleza kwa siku kadhaa | unyevu karibu mwaka mzima |
| Ada ya hifadhi | hakuna ya msitu | ipo | ipo |

Irente: mepesi, lakini yana saa zake

Barabara ya Irente hutoka mjini ikipanda kuelekea kusini-magharibi, hupita Yoghoi, kisha shamba la Irente linalomilikiwa na Kanisa la Kilutheri, na huishia kwenye jabali lenye mandhari baada ya kilomita 5 au 6. Kwenda na kurudi kwa barabara hiyohiyo si mzunguko, na ni kuchosha miguu kwa vumbi la bodaboda. Mzunguko hupatikana kwa kwenda kwa vijia vya wenyeji vinavyokatiza mashamba na kurudi kwa barabara. Usigeuze. Vijia vina njia panda nyingi, na ni heri kuzikabili asubuhi ukiwa na akili timamu na mwanga wa kutosha. Barabara haimpotezi mtu hata akiwa hoi.

Hakuna msitu wa kuhesabu upande huu. Utakachopita ni miti ya kupandwa kwenye mipaka ya mashamba, migomba, kahawa, mapeasi na maplamu, na matuta ya mboga yaliyoshikiliwa na majani ya guatemala. Matuta hayo si pambo. Tangu ukoloni wa Mwingereza serikali imehangaika na mmomonyoko katika miteremko hii, na kila ukingo wenye majani unazuia udongo wa mtu usiteremkie shambani kwa jirani. Ukikata njia kwa kukanyaga ukingo, mvua inayofuata hupata pa kuanzia. Zunguka, hata kama kijia kinaonekana kukupeleka mbali.

Sasa saa. Jabali la Irente linatazama magharibi, na chini yake, karibu mita 1,000, kuna Mazinde, mashamba ya mkonge, reli ya Tanga na barabara kuu iendayo Moshi. Alfajiri na mapema asubuhi ukungu hujaa mara kwa mara, na mtu aliyefika saa 2 huweza kutazama weupe mtupu. Kati ya saa 4 na saa 6 ukungu huwa umepanda, na jua lingali mgongoni mwako, hivyo uwanda huonekana vizuri na picha hutoka safi. Kuanzia saa 8 jua hukuingia machoni na joto la bondeni huleta utusitusi. Jioni mandhari hurudi, tena kwa rangi nzuri, lakini hapo ndipo watu hujikuta wakirudi mjini gizani, maana jua huku huzama kati ya saa 12 na saa 1, na giza halichelewi. Anayetaka machweo apatane na bodaboda kabla, amsubiri juu.

Hesabu ya siku ni rahisi. Kwa njia za milimani weka kilomita 3 na nusu kwa saa, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 unazopanda. Kilomita 12 ni kama saa 3 na nusu. Miinuko yote ikifika mita 300, ongeza nusu saa. Chakula saa moja, jabalini dakika 45. Ukiondoka saa 3 asubuhi utakuwa mjini kabla ya saa 9 alasiri. Chakula chenyewe ni mkate, jibini, jemu na juisi vya pale shambani Irente. Agiza wakati wa kwenda, au piga simu kabla, kwa sababu kundi la watu sita likitokea ghafla litasubiri, na kusubiri huko ndiko kunakokula saa ya mandhari.

Hatari moja ni ya kweli: ukingo wa jabali. Mwamba uliolowa kwa ukungu huteleza kama sabuni hata pasipo mvua. Watoto washikwe mkono, na picha ya kurudi nyuma kinyumenyume isipigwe.

Magamba: matembezi bora zaidi, ardhi ikiwa kavu

Kwa anayependa miti, hakuna ubishi. Magamba ilipandishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2010, ina zaidi ya hekta 9,000, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Msitu unaanzia karibu mita 1,650 na kupanda hadi takriban mita 2,300. Humo kuna mkulo, mti ambao wanasayansi waliuita Ocotea usambarensis kwa ajili ya milima hii, kuna podo, na kuna migomba mwitu kwenye makorongo. Mbega weusi kwa weupe husikika kabla ya kuonekana: ngurumo ya chini, kisha tawi linayumba. Kinyonga wa pembe mbili naye yupo, ila kumwona pasipo jicho la mwenyeji ni bahati. Mwongozaji akitaka kumkata na tawi lake ili umpige picha, mkatalie.

Mzunguko wa kawaida hupanda kutoka mjini kupitia Kwembago, kijiji chenye historia ya watawala wa Kikilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, huingia kwenye miti ya kupandwa, hugusa msitu wa asili, kisha hutokea Magamba kijijini kwenye barabara ya lami. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 7 hadi 8. Ukitembea zote, siku inakuwa ndefu bila faida kubwa. Ukipanda daladala au bodaboda kwenye kipande hicho unaokoa karibu saa 2, na hupotezi kitu isipokuwa lami. Wenye msimamo mkali watasema huo si mzunguko. Waache.

Hapa kuna kosa linalorudiwa kila msimu. Mtu anajiambia: nipande gari hadi Magamba, halafu nishuke kwa miguu hadi mjini, nitakuwa nimekwepa mlima. Mlima amekwepa kweli, lakini amejitwisha mteremko, na mteremko wa Magamba ndio mgumu. Udongo wake ni mwekundu wa mfinyanzi. Juu kuna mwavuli wa majani, jua haliufikii, hivyo mvua ya Jumatatu ungali unaikuta Alhamisi. Njia ya Irente iko wazi, inapigwa na jua na upepo, na hukauka kabla ya chakula cha mchana. Juu ya udongo wa Magamba kuna mizizi iliyosuguliwa na nyayo za miaka mingi hadi ikang'aa. Anayepanda huweka uzito kwenye vidole na akiteleza huangukia mikono. Anayeshuka huweka uzito kwenye kisigino, kisigino kinatangulia, na huangukia kiuno.

Kwa hiyo panda kwa Kwembago, tokea Magamba. Mwinuko unaumaliza asubuhi kukiwa na baridi, na mvua ya mchana ikija unakuwa umekaribia barabara ya magari. Ikiwa ni lazima kushuka kwenye tope, fupisha hatua, kanyaga kwa unyayo mzima, elekeza vidole upande kidogo, na tanguliza fimbo chini yako, siyo kando. Fimbo ifike kwenye kiwiko. Ya mti wowote itatosha, lakini usiikate hifadhini, inunue au uje nayo kutoka mjini.

Viatu vinaamua mengi. Soli yenye meno makubwa na yaliyoachana hutema udongo. Meno madogo ya raba za mazoezi hujaa tope ndani ya hatua ishirini na kugeuka kuwa bapa. Wenyeji wengi hupita kwa buti za plastiki za shambani, na wana sababu: ni rahisi kuosha na haziingizi maji. Ubaya wake ni mguu kucheza ndani, kwa hiyo vaa soksi mbili nzito. Soksi hizo zina kazi ya pili. Siafu hukatiza njia hasa baada ya mvua, na suruali iliyochomekwa ndani ya soksi hukupa muda wa kuruka kabla hawajapanda. Ukiona mstari mweusi unaotembea, usisimame kuutazama ukiwa umeukanyaga. Pita kwa hatua ndefu, kisha tazama ukiwa mbali.

Kupotea kuna sura yake pia. Kwenye miti ya kupandwa kuna njia za magogo, pana na za kushawishi, ambazo huishia ghafla kwenye visiki. Njia pana yenye majani katikati na visiki pembeni ni ya magogo. Kijia chembamba chenye nyayo nyingi na mavi ya mbuzi kinaelekea kwa watu. Ramani ya simu husaidia ukiihifadhi kabla ya kuondoka, lakini chini ya miti mikubwa alama yako huweza kurukaruka, na vijia vingi vya kijijini havimo kabisa. Magamba, tofauti na Irente, usiingie bila mwongozaji.

Kuhusu mwongozaji, maelewano yafanyikie ofisini kwa kikundi chake, yasifanyikie stendi ukiwa umeshika begi. Uliza mambo matatu kwa jina: je, bei ina ada ya msitu ndani yake, ina chakula, na ina usafiri wa kurudi kutoka Magamba? Magomvi mengi ya jioni hutokana na moja ya hayo kuachwa hewani asubuhi. Ada ya hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Dai stakabadhi na uibebe, kwani unaweza kuulizwa ukiwa njiani.

Amani: miti ya dunia nzima mahali pamoja

Amani haifanani na hizo mbili. Iko chini zaidi, ina joto na unyevu, na mvua yake haisubiri masika. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo hapa mwaka 1902 na kupanda miti kutoka kila pembe: mdalasini, kafuri, mikwinini na mingine mingi ambayo leo imekuwa mikubwa na kuchanganyika na ya asili. Mmoja wao, Maesopsis eminii, ulitoka bustanini ukaingia msituni na bado unawasumbua wahifadhi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa na takriban hekta 8,380.

Mzunguko mfupi wa kilima cha Mbomole ndio mwepesi kuliko yote katika ulinganisho huu. Kilele kiko karibu mita 1,050, njia inapita msituni, na kutoka juu unaona mashamba ya chai yakikatwa na vipande vya msitu. Ukitaka vijiji zaidi, waombe walinzi wakuunganishie njia ya Shebomeza. Dughulushi, lile ua la zambarau ambalo baron Walter von Saint Paul-Illaire alilikusanya mwaka 1892 na ambalo leo limo kwenye vyungu vya madirishani duniani kote, huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu kando ya vijito. Ni dogo, na anayetembea haraka hulipita. Msiling'oe. Linaishi kwenye vipande vidogo sana vya ardhi.

Kinachoikosesha Amani wageni ni usafiri. Muheza hadi Amani ni kama kilomita 32 za barabara ya mlima, na magari ya abiria kwa kawaida hupanda mchana na kushuka alfajiri. Maana yake, kwa anayetumia basi, matembezi ya saa 3 yanadai kulala usiku mbili. Mwenye gari anaweza kwenda na kurudi siku moja, mradi liwe limeinuka chini, na masika asijaribu. Pia kuna mbu. Lushoto baridi huwapunguza. Amani, na hasa lango la Sigi lililo karibu mita 450, chandarua si hiari.

Anayetoka Mombasa kwa Lunga Lunga na Horohoro hupita Tanga na kufika Muheza kabla hajaanza kuchoka, hivyo kwake Amani iko karibu kuliko Lushoto. Anayetoka Dar es Salaam, Moshi au Arusha hushukia Mombo na kupanda kilomita 33 kupitia Soni.

Nani achague upi

Familia yenye watoto wadogo, mzee mwenye magoti ya kulalamika, au mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza: Irente, wala usifikirie mara mbili. Barabara iko karibu wakati wote, na yeyote akichoka bodaboda inampata alipo. Kama hakujanyesha kwa siku tatu na miguu yako imezoea, Magamba ina thamani mara mbili ya Irente, na hilo tunalisema tukijua picha zake hazivutii. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ahirisha Magamba hadi zipite siku tatu bila mvua na uende Irente leo. Wapenda mimea na ndege, wenye siku tatu, waende Amani. Mwenye nusu siku tu asijilazimishe kukimbia mzunguko wowote: ashuke Soni, atazame maporomoko yaliyo kando ya barabara, na apande kidogo kwenye kilima cha Kwa Mungu kutazama vipepeo.

Kuhusu miezi, Januari na Februari njia huwa nzuri na maplamu yangalipo mwanzoni. Machi hadi Mei ni masika. Irente inawezekana kati ya mvua na mvua, Magamba ni adhabu. Juni hadi Agosti ardhi inakauka lakini baridi ya Lushoto ni ya kweli, na ukungu huchelewa kuondoka. Septemba na mwanzo wa Oktoba, kabla ya vuli, ndio wakati ambao mizunguko yote mitatu iko katika hali yake nzuri.

Mkoba hautofautiani sana: lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, koti la mvua hata kama mbingu ni buluu, sweta, tochi, noti ndogo ndogo, na mfuko wa kurudishia takataka. Mavazi yafunike mabega na magoti, kwa kuwa unapita uani kwa watu, na wengi ni Waislamu au Walutheri wa siku nyingi. Salimia kwanza. Shikamoo kwa wakubwa inatosha, lakini "onga mshi" ya Kisambaa wakati wa mchana hufungua nyuso, na mara nyingi humleta mtu wa kukuonyesha kijia sahihi bila kuulizwa. Ukiona anaomba kitu baada ya hapo, mpe kwa kazi aliyofanya. Watoto wasipewe pipi wala sarafu, kwa sababu wanaofuata nyuma yako ndio watakaodaiwa, na mwisho ni watoto kukaa njiani badala ya darasani.

Na tiketi ya kurudi. Mabasi ya Lushoto kwenda Dar es Salaam huondoka asubuhi mapema, kwa hiyo hakuna kutembea na kusafiri siku moja; kata tiketi jioni, ukiwa umeshaosha viatu.